Commerson, tabibu aliyeacha jina lake kwenye nguru

Nguru anayeshushwa Kismayo, Chovai au Kiunga hubadilishwa jina kila anapovuka mpaka. Kwa Wabajuni na Waswahili wengine ni nguru. Akifika Yemen anaitwa dirak, Oman na nchi za Ghuba ni kanadi, na India ni surmai. Samaki ni yuleyule, ila mnunuzi akishika simu kuuliza bei, jina analotaja hubadilika kila bandari.

Kwenye orodha za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, majina yote hayo hukusanywa katika herufi tatu: COM. Ni ufupisho wa jina la kisayansi la nguru, Scomberomorus commerson. Neno hilo la pili ni jina la mtu: Philibert Commerson, tabibu wa Kifaransa aliyefariki Mauritius mwaka 1773.

Nguru si peke yake. Pandu anayejulikana sana katika madiko ya Afrika Mashariki ana jina la kisayansi la Scomberoides commersonnianus. Mmoja wa samaki wadogo wa jamii ya dagaa mcheli ni Stolephorus commersonnii. Hata kiumbe wa ajabu wa miambani ambaye hakuna anayemnunua kwa kilo, samaki-chura mkubwa, anaitwa Antennarius commerson. Mtu mwenye jina hilo hakuwahi kuchapisha kitabu cha samaki hata kimoja.

Mtoto wa mwanasheria

Commerson alizaliwa Novemba 18, 1727, katika mji mdogo wa Châtillon-les-Dombes, mashariki ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mwanasheria wa kuandika na kuthibitisha hati, na alitaka mwanawe ashike kazi hiyohiyo. Kijana akachagua udaktari na kwenda kusoma Montpellier, mji wa kusini wenye chuo kikongwe cha tiba na bustani mashuhuri ya mimea.

Huko alijulikana kwa bidii na kwa ukaidi. Alichuma mimea ya bustani bila ruhusa kwa ajili ya mkusanyo wake, na mwishowe akafungiwa mlango. Hakuacha. Alitembea milimani na pwani, akikausha mimea na samaki na kuvibandika kwenye karatasi. Sifa zake zikamfikia Carolus Linnaeus wa Uswidi, mtaalamu aliyeanzisha utaratibu wa kukipa kila kiumbe jina la maneno mawili unaotumika hadi leo. Commerson akapewa kazi ya kukusanya samaki wa Bahari ya Mediterania kwa ajili ya malkia wa Uswidi.

Alioa mwaka 1760. Miaka miwili baadaye mkewe alifariki baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Commerson alimwacha mtoto kwa shemeji yake, na mwaka 1764 akahamia Paris. Hakumwona mwanawe tena.

Katika safari hiyo ya Paris alifuatana na Jeanne Baret, mwanamke wa kijijini aliyezaliwa mwaka 1740, aliyekuwa akimtunzia nyumba. Bila Baret, maisha ya Commerson yangekuwa mafupi zaidi na makasha yake matupu zaidi.

Kuzunguka dunia

Mwishoni mwa 1766 Ufaransa ilimtuma nahodha Louis-Antoine de Bougainville kuizunguka dunia. Commerson aliteuliwa kuwa mtaalamu wa viumbe na akapanda meli ya pili, Étoile, iliyoondoka mwanzoni mwa 1767. Sheria ya jeshi la majini ilikataza wanawake melini. Baret akavaa nguo za kiume na kujiandikisha kama mtumishi wake.

Commerson alikuwa mgonjwa mara nyingi, mguu ukimsumbua. Baret ndiye aliyebeba mizigo mizito ya vifaa na mimea, akapanda vilima na kuingia misituni. Katika mji wa Rio de Janeiro, Brazili, walipata mmea wa kutambaa wenye rangi kali ambao Commerson aliupa jina la nahodha wake. Ndio bogenvilia unaopamba nyua za Lamu, Mombasa na Zanzibar leo.

Siri ya Baret ilivuja Tahiti mwezi Aprili 1768, pale wenyeji walipomtazama na kutambua mara moja kwamba ni mwanamke. Meli ziliendelea na safari, na Novemba 1768 zikatia nanga Kisiwa cha Ufaransa, kama Mauritius ilivyoitwa wakati huo. Bougainville akarejea Ulaya. Commerson na Baret wakabaki.

Kisiwa cha biashara

Mauritius ya wakati huo ilikuwa bandari ya makutano. Msimamizi wake, Pierre Poivre, alikuwa akitafuta njia ya kuvunja ukiritimba wa Waholanzi katika biashara ya viungo. Mwaka 1770 watu wake walifaulu kuleta kwa siri miche ya mikarafuu na mikungumanga kutoka visiwa vya Molucca. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa, mikarafuu ilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19, ikabadilisha uchumi wa pwani nzima.

Bandari hiyo ilikuwa na upande wa giza. Mashamba ya kisiwa yalilimwa na watumwa kutoka Madagascar, Msumbiji na pwani ya Waswahili. Mwaka 1776, miaka 3 baada ya kifo cha Commerson, Mfaransa aliyeitwa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watu na kuwasafirisha visiwani.

Poivre alimpa Commerson makazi na kazi ya kuorodhesha viumbe vya kisiwa. Tabibu alikusanya mimea kwa maelfu. Mwaka 1770 alikwenda Fort-Dauphin, kusini ya Madagascar, na mwaka uliofuata akafika kisiwa cha Bourbon, yaani Réunion ya leo, ambako alipanda mlima wa volkano. Aliporejea Mauritius aliwageukia samaki kwa nguvu mpya. Mchoraji Paul Philippe Sanguin de Jossigny aliwachora, na Commerson aliandika maelezo kwa Kilatini: umbo, idadi ya miiba, rangi, meno.

Samaki hao walivuliwa na wengine. Walikuwa wavuvi wa kisiwa waliojua mwamba upi una samaki gani na mwezi gani. Vitabu vilivyotokana na kazi hiyo vinamtaja tabibu na wakubwa wa Paris. Wavuvi havikuwataja.

Samaki anayewadanganya wanaomtafuta

Kati ya samaki waliopita mezani kwa Commerson, wa kuchosha zaidi ni samaki-chura. Hana magamba, ngozi yake ni nene na ina vimiiba vidogo. Mapezi yake ya kifuani yamekuwa kama mikono, naye hutembea nayo juu ya mwamba kuliko kuogelea. Hukaa kimya, akifanana na sifongo au jiwe lililoota mwani. Mwiba wa kwanza wa pezi la mgongoni umesogea hadi juu ya mdomo na kuwa kijiti chembamba chenye chambo cha nyama kwenye ncha. Hukitikisa, samaki mdogo husogea, na mdomo hufunguka na kummeza kwa kasi ambayo jicho la mtu haliwezi kuifuata.

Commerson alipoona kijiti hicho alikifananisha na kipapasio cha mdudu, ambacho kwa Kilatini ni antenna. Katika maandishi yake akawaita samaki hawa Antennarius, na jina hilo limebaki kuwa la jenasi yao.

Ugumu ulikuwa kuwatenganisha. Samaki-chura mmoja anaweza kuwa wa manjano leo, na baada ya wiki kadhaa akawa mwekundu, kahawia au mweusi kulingana na sifongo aliyekaa karibu naye. Mtu anayetambua kwa rangi atahesabu spishi tano pale ilipo moja. Ndivyo ilivyotokea kwa miaka zaidi ya 200: wataalamu wa nchi mbalimbali waliwapa samaki hawa majina zaidi ya 150. Mwaka 1987 Wamarekani Theodore Pietsch na David Grobecker walichapisha kitabu kilichopitia sampuli za makumbusho mengi, na wakabakiwa na spishi takriban 40.

Njia iliyowafikisha hapo ni kuangalia kisichobadilika. Cha kwanza ni kijiti na chambo. Samaki-chura mwenye michirizi, Antennarius striatus, ana chambo kinachofanana na minyoo. Samaki-chura mkubwa mwenye jina la Commerson ana kijiti kirefu, karibu mara mbili ya mwiba unaokifuata. Cha pili ni kuhesabu miale ya mapezi. Katika pezi la kifuani, commerson kwa kawaida huwa na miale 11, na ndugu yake anayefanana naye sana, Antennarius pictus, kwa kawaida huwa na 10. Cha tatu ni alama za kudumu, kama doa jeusi la duara lililo chini ya pezi la mgongoni la Abantennarius nummifer.

Kanuni hiyohiyo inamsaidia mfanyabiashara wa nguru. Samaki akishakaa kwenye barafu, rangi ya fedha hufifia na michirizi huanza kupotea, na hapo nguru mdogo huchanganywa na ndugu yake Scomberomorus plurilineatus. Kwa samaki mbichi, nguru halisi ana michirizi ya kusimama, kutoka mgongoni kwenda tumboni, na mwenzake ana mistari ya kulala, kutoka kichwani kwenda mkiani. Michirizi ikishafutika hubaki mstari wa ubavuni. Katika nguru halisi mstari huo hushuka ghafla nyuma, chini ya mwisho wa pezi la pili la mgongoni. Kinachoaminika ni mstari huo kuliko rangi.

Kifo na barua iliyochelewa

Mwaka 1772 Poivre aliondoka Mauritius. Msimamizi mpya hakumpenda Commerson, akamtoa katika makazi yake na kumpunguzia msaada. Tabibu alikuwa tayari amedhoofika. Alihamia Flacq, upande wa mashariki wa kisiwa, na huko akafariki Machi 13, 1773, akiwa na miaka 45.

Siku 8 baadaye, Machi 21, Chuo cha Sayansi cha Paris kilimchagua kuwa mwanachama, heshima kubwa kwa mwanasayansi wa Ufaransa. Habari za kifo zilikuwa bado baharini.

Makasha yake, zaidi ya 30, yalipelekwa Paris yakiwa na mimea, samaki waliokaushwa, michoro na karatasi. Hakukuwa na mtu wa kuyapanga. Commerson ndiye aliyejua mchoro upi unahusu maelezo yapi, na ujuzi huo alikufa nao. Samaki waliokaushwa walikaa wamesahaulika kwa miaka mingi.

Robo karne ilipita. Kati ya 1798 na 1803, Bernard-Germain de Lacépède alichapisha kitabu cha samaki cha juzuu 5. Alitegemea sana karatasi za Commerson, mara nyingi bila kuwa na samaki mwenyewe mkononi. Ndipo nguru wa Bahari ya Hindi alipopata jina la kisayansi, mwaka 1800, kutokana na mchoro na maelezo ya marehemu. Samaki-chura mkubwa alikuwa ametangulia katika juzuu ya kwanza, mwaka 1798. Lacépède aliwapa jina la Commerson ili kumheshimu.

Hata hivyo kazi hiyo ilibeba gharama ya kuchelewa. Kwa kuwa michoro na maelezo vilikuwa vimetengana, Lacépède aliwaeleza baadhi ya samaki mara mbili au tatu, mara moja kutoka kwenye mchoro na mara nyingine kutoka kwenye maandishi, kila mara kwa jina jipya. Georges Cuvier na wataalamu waliofuata walitumia miaka mingi kusahihisha. Shehena ya kweli iliyofika na hati zilizochanganyika ilileta hasara ileile anayoijua kila msafirishaji mpakani.

Aliyebeba mizigo

Jeanne Baret alibaki Mauritius bila mwajiri, bila nyumba na bila nauli. Alijipatia riziki kwa kuuza vinywaji Port Louis, na mwaka 1774 akaolewa na askari wa Kifaransa. Mwaka uliofuata, au karibu na hapo, wenzi hao walirejea Ulaya, na Baret akawa mwanamke wa kwanza anayejulikana kuizunguka dunia. Mwaka 1785 jeshi la majini, ambalo sheria yake aliivunja, lilimpa pensheni kwa kutambua kazi yake. Alifariki 1807.

Viumbe vingi vilipewa jina la Commerson. Commerson alikusudia kuupa mmea mmoja jina la Baret, lakini karatasi hazikuchapishwa kwa wakati na mmea huo ukaishia kuitwa jina jingine. Ilichukua hadi 2012 kwa mmea wa Amerika ya Kusini kupewa jina lake, Solanum baretiae.

Herufi tatu na visiwa vya Wabajuni

Leo urithi wa Commerson unaonekana zaidi kwenye hati kuliko makumbusho. Nguru husimamiwa na Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi yenye makao yake Ushelisheli. Somalia, Kenya, Tanzania, Oman, Yemen na India zote ni wanachama. Kwa miaka kadhaa tathmini za tume hiyo zimeonyesha kuwa nguru anavuliwa kupita kiasi. Tatizo moja linalojirudia ni takwimu: nchi nyingine huwasilisha nguru na ndugu zake wakiwa fungu moja, bila kutaja spishi.

Hapo ndipo jina linapogeuka kuwa fedha. Nchi zinapokaa mezani kujadili nani apunguze uvuvi na kwa kiasi gani, hoja kubwa ni rekodi ya kilichovuliwa. Mashua ya Chula au Koyama ikishusha nguru ambaye hakuandikwa popote, katika mazungumzo hayo nguru huyo hakuvuliwa, na haki ya mvuvi wake haina ushahidi. Akiandikwa kwa jina la jumla tu, huhesabiwa nusu.

Somalia ilikuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki Machi 2024. Kwa Wabajuni, ambao Kiswahili chao kinasikika kutoka Kismayo hadi Faza, mpaka wa Ras Kamboni umepita katikati ya jamaa na masoko tangu ukoloni. Biashara ya samaki kati ya pande hizo mbili ni ya zamani kuliko mpaka wenyewe. Kilichopungua ni karatasi inayosema ni samaki gani, kiasi gani, kutoka mwamba upi.

Commerson alijua samaki wengi kuliko Mzungu yeyote wa zama zake katika bahari hii, na nusura ujuzi wake upotee kwa sababu haukupangwa wala kuchapishwa akiwa hai. Wavuvi waliomletea samaki walijua zaidi yake, lakini ujuzi wao haukupata hata kasha la kusafiria. Katika visiwa vya Wabajuni bado wapo wazee wanaomtambua samaki gizani kwa kumpapasa, na kila mmoja ana jina lake kwa Kibajuni. Kuandika majina hayo pembeni ya herufi COM, kwenye daftari la diko, hakuhitaji meli ya Bougainville wala robo karne ya kusubiri.